Aliyechuja Dizeli kwa Blanketi

Nianze na jambo ambalo wengine wangeliweka mwishoni: yule mama alifariki. Alifariki mtoni, ndani ya boti yetu, mtoto akiwa bado tumboni, na Juba iko mbele yetu karibu kiasi cha kuona minara ya simu. Injini ilizima. Nasema mapema ili msomaji asinifuate hadi mwisho akitumaini kwamba Fundi ataiwasha. Alijaribu kama mtu anayeokoa mtoto wake mwenyewe, wala haikuwaka.

Huyo Fundi ndiye ninayetaka kumweleza. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini pale bandarini Juba hakuna aliyelitumia. Nami sitalitumia. Boti ilikuwa ya kanisa fulani lenye zahanati kando ya Nile, huko chini kuelekea Terekeka, na kazi yetu ilikuwa kuwachukua wagonjwa walioishinda zahanati na kuwapandisha Juba. Mimi ndiye nilikuwa muuguzi. Nilitoka Kenya kwa mkataba mfupi, mkataba ukaisha, nikaongezewa mwingine, na mpaka leo mama yangu huko Kitale huniuliza kwenye simu kama Juba wamenifunga kamba. Fundi alikuwa Mganda, mtu wa ziwani, nahodha na makanika kwa pamoja. Aliniita Sista, kama wauguzi wote wanavyoitwa, ila yeye alilitamka kama mtu anayelalamika.

Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, mwenye nyusi nene alizozikunja hata akiwa amefurahi. Ovaroli yake ilikuwa imekula mafuta mpaka ikawa inasimama yenyewe ukiiegemeza ukutani. Niliijaribu siku moja kumtania, ikasimama kweli, naye akaninunia hadi jioni.

Watu wengi wa boti humwogopa kiboko, au upepo, au askari wa vizuizi. Fundi aliogopa uchafu wa dizeli, basi. Filta ya dizeli si kitu cha ajabu: ni karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya kopo la chuma, mafuta yanapita, uchafu unabaki. Uchafu ukijaa, mafuta hayapiti tena, na injini inakosa chakula. Lakini kumsikia Fundi akilieleza jambo hilo ungedhani anasimulia mauaji.

"Injini hapana kufa, Sista," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Watu ndio nanyonga yeye."

Dizeli ya Juba ina safari ndefu kuliko yangu. Inapanda lori pwani, inavuka Kenya na Uganda, inaingia Nimule mpakani, na kila inapofika inamiminwa: kutoka lori hadi pipa, pipa hadi jerikeni, jerikeni hadi pipa jingine. Kila chombo kinaipa zawadi yake. Pipa linaipa kutu, jerikeni linaipa mchanga, mvua inaipa maji. Maji yakikaa chini ya dizeli kwa muda, katikati yao huota ute mweusi unaonata kama bamia, na ute huo ukiingia kwenye filta ni kalas, kama wanavyosema hapa, umekwisha.

Kwa hiyo Fundi alikuwa na amri zake. Pipa jipya likifika liliwekwa kivulini na likaachwa mpaka uchafu utulie chini, na ole wako ulikalie au uliguse kwa mguu. Mpira wa kunyonyea mafuta aliufunga kwenye fimbo ili mdomo wake usifike kabisa chini ya pipa. Mafuta ya chini aliyaachia watu wa kuchoma matofali. Alikuwa na chupa ya jamu ambayo kila mafuta yalipitia kwanza: aliyatia, akaifunga, akaiacha itulie, kisha akaishika mbele ya jua akikodoa jicho moja. Jioni tanki la boti lilijazwa hadi juu, hata kama kesho hatukuwa na safari, kwa sababu tanki lenye nafasi hutoka jasho usiku na jasho lile ni maji. Na asubuhi, kabla hata ya chai, alifungua kibomba kidogo chini ya kikombe cha kioo cha filta, akaachia matone kadhaa kwenye kiganja, akayasugua, akayanusa. Yakiwa mazuri alijipangusia kichwani. Nilimwuliza kwa nini. Akasema nywele zake zinapenda.

Halafu kulikuwa na blanketi.

Ni yale mablanketi ya kijivu ya msaada, yanayokwaruza shingo. Nusu ya Juba imewahi kulala chini yake, na sokoni yanauzwa kila siku na watu waliopewa bure. Fundi alikata kipande, akakikunja mara mbili, akakilowesha kwanza kwa dizeli safi, maana blanketi likishakunywa dizeli hukataa maji. Akakifunga juu ya faneli kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, na mafuta yote ya boti yakapita hapo, polepole, yeye amesimama juu yake hata kama jua linapasua kichwa. Mwisho alikifungua kile kipande na kuwaonyesha waliokuwapo: mchanga, kutu, mabawa ya wadudu, vitone vya maji vikitetemeka juu ya manyoya. "Ona," alikuwa akisema. "Hii yote ilikuwa nakwenda kwa injini."

Alijivunia lile blanketi. Alilifundisha bandari nzima, boti moja baada ya nyingine, bila kuombwa, akiwatukana huku akiwafundisha. Nilipofika mimi, hakukuwa na boti iliyoondoka Juba bila kipande cha kijivu kwenye faneli, na watu wakikifunga walisema tu, "Fanya ile ya Fundi."

Kosa lake lilikuwa la mtu mtunzaji. Kipande kilichofanya kazi vizuri hakukitupa. Alikifua kwa sabuni, akakianika juu ya paa la boti, akakitumia tena, na kadiri kilivyozeeka ndivyo alivyokiamini. "Hii imezoea kazi," alisema. Lakini blanketi likifuliwa mara nyingi huachia manyoya, kila mama wa nyumbani anajua hilo. Manyoya ya kijivu ndani ya dizeli hayaonekani, hata kwenye chupa ya jamu.

Mtu asinielewe vibaya nikadhaniwa nasimulia habari za mtu msafi. Nje ya injini, Fundi alikuwa mchafu wa kutupwa. Alikunywa maji ya mto moja kwa moja kwa kopo lililokuwa la mafuta ya breki. Nilimletea dawa ya kutibu maji, akasema inaharibu ladha. Nilimwambia kuhusu kipindupindu, akasema kipindupindu ni ya watu wa mjini. Alivuta sigara akiwa ameegemea pipa la dizeli, na nilipopiga kelele alinieleza kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa kwamba dizeli si petroli. Alikuwa mlokole wa kulia kanisani, tena hasa, machozi yakimtiririka, na Jumatatu asubuhi alikuwa tayari amemtukana mchungaji kwa sababu jenereta ya kanisa haikuwa imebadilishwa filta. Kwa sukari alikuwa mkono wa birika, alinihesabia vijiko. Lakini akipata samaki mkubwa alimpeleka kwa wajane wa mtaa wake huko Gudele, kisha akaja kuniomba mimi chakula.

Na wagonjwa hakuwaangalia. Hili lilinisumbua kwa muda mrefu. Tukimleta mtu kwenye machela, ndugu wanalia, yeye ameinamia injini, mgongo kwetu. Hakuuliza jina la mgonjwa wala ugonjwa. Aliuliza jambo moja: "Nafika?" Yaani, huyu atafika Juba akiwa hai? Nikisema ndiyo, alikwenda kwa mwendo wa kawaida. Nikisema sijui, alisukuma injini mpaka mbao za boti zikanung'unika. Tukishamfikisha mgonjwa, gari likamchukua, Fundi hakuuliza tena habari zake. Nilimwona ana roho ngumu. Siku moja nilimwambia hivyo usoni.

"Mimi nabeba watu mingi, Sista," akajibu. "Kama najua jina ya wote, nitaweka wapi?"

Ila nilimwona pia akizunguka sehemu yenye mawimbi kwa sababu nyuma kulikuwa na mtoto aliyevunjika paja. Mafuta yakatumika zaidi, naye ndiye aliyekuwa akiyalilia kila tone.

Mtu aliyeongea naye kwa raha alikuwa mmoja tu, mama muuza mafuta wa soko la Konyo Konyo. Alikuwa Mganda mwenzake, mjane mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa na mapipa yake upande wa soko unaokaribia mto. Tulimwita Mama Dizeli. Kununua mafuta kwake kulikuwa mchezo wa kuigiza. Fundi alifungua pipa, akanusa, akashika pua.

"Nyabo, hii mafuta yako nalia. Iko na maji kama macho ya bibi-arusi."

"Ssebo, hayo ni maji ya kuoshea masikio yako," yule mama akamjibu. "Chukua au acha, wateja wako nyuma."

Nyabo na ssebo ni mama na bwana kwa lugha yao. Watu walisimama kuwasikiliza. Mwishowe Fundi alichukua, siku zote, kwa sababu katika soko lote mapipa ya yule mama ndiyo yaliyokuwa na vifuniko vinavyofunga. Jumapili baada ya ibada yule mama alimpelekea Fundi katogo, ndizi zilizopikwa na matumbo, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Sisi tulikuwa na maneno yetu kuhusu bakuli lile. Fundi alisema tuna akili chafu kuliko mafuta ya Juba.

Sasa ile siku.

Tulimchukua mama yule asubuhi zahanati. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi, mtoto amekaa vibaya, na mkunga wa pale alikuwa amefanya alichoweza. Alihitaji upasuaji, na upasuaji uko Juba. Mama mkwe wake alipanda naye, mwanamke mrefu aliyeshika kiatu kimoja cha mkwewe mkononi na kusahau kukivalisha. Fundi aliuliza swali lake. "Nafika?"

"Tukienda haraka," nikasema.

Kupanda Juba ni kwenda kinyume na mto. Injini ikifanya kazi unasahau kwamba maji yanakusukuma. Ikizima, unakumbuka mara moja, kwa sababu unaanza kurudi ulikotoka. Tulikwenda vizuri sehemu kubwa ya njia. Halafu injini ikakohoa. Ikapoteza nguvu, ikajikaza, ikakohoa tena, ikanyamaza. Boti ikageuka ubavu, tukaanza kushuka taratibu pamoja na magugu yanayoelea.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa jambo hili maisha yake yote. Filta mpya zilikuwa ndani ya mfuko mkavu chini ya kiti. Alifungua ile ya zamani, akafunga mpya, akalegeza boliti ya kutolea hewa, akasukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha na dizeli safi ikatoka, akakaza, akawasha. Ikawaka. Mama mkwe akapiga kigelegele. Tukapita kona moja ya mto, injini ikazima tena.

Akabadilisha tena, mikono ikienda haraka kuliko macho yangu. Ikawaka, tukasogea kidogo, ikazima. Filta zikaisha. Ndipo akafanya jambo ambalo angempiga mtu mwingine kwa kulifanya: aliitoa filta kabisa, akaunganisha mpira moja kwa moja, potelea mbali injini, mradi tufike. Hata hivyo ilizima. Alikuwa akiongea na ile injini kwa Kiganda, kwa sauti ya chini, akiibembeleza, na jasho likimdondokea juu ya chuma na kuungua.

Mimi nilikuwa na dripu, glavu na mikono miwili. Nilijua tumbo la uzazi lilipopasuka kwa sababu uchungu ulikoma ghafla, na mama yule akanitazama kama mtu aliyepata nafuu. Alishukuru. Aliniambia kwa Kiarabu cha Juba kwamba sasa haumwi. Nilimshika mkono nikijua maana yake, nikamchukia Fundi, nikaichukia injini, nikamchukia kila mtu aliyekuwa akipumzika Juba wakati ule. Alikwisha kabla boti nyingine haijatokea kutuvuta.

Fundi alisimama akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimwangalia mgonjwa usoni.

"Amekwenda?" akauliza.

"Amekwenda."

Akavua kofia yake akaishika, hajui aiweke wapi.

Kesho yake alikwenda Konyo Konyo. Sikuwapo, lakini soko zima lilinisimulia. Alikwenda na kundi la watu wa boti nyuma yake, akasimama mbele ya mapipa ya Mama Dizeli akiwa na zile filta kwenye karai, akapaza sauti kwamba mwanamke huyu ameuza maji badala ya mafuta, na mtu amekufa. Yule mama aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mumewe. Aliwaambia wapime. Lakini nani apime, na kwa nini, wakati Fundi mwenyewe, bingwa wa dizeli, amesema? Watu wa boti wakaacha kununua kwake siku hiyohiyo. Wenye malori wakafuata, kisha wenye jenereta. Kabla msimu ule wa mvua haujaisha, mapipa yake yalikuwa yameondoka.

Mwezi au zaidi ukapita ndipo kanisa likaamua boti ivutwe nje ya maji, irekebishwe. Fundi akafungua tanki. Ndani ya tanki kuna mrija unaonyonya mafuta na kuyapeleka kwenye filta, na kwenye mdomo wa mrija ule alikuta kidonge cha manyoya ya kijivu, kimesokotana, kimekaa kama kizibo cha chupa. Dizeli iliyokuwa chini ya tanki ilikuwa safi. Angeweza kubadilisha filta mia. Tatizo halikuwa kwenye filta, lilikuwa kabla yake, mahali ambapo hakuwaza kuangalia kwa kuwa tanki lilikuwa lake na mafuta yake yalikuwa yamechujwa.

Alikuja kwangu na kile kidonge kiganjani.

"Ningepuliza na mdomo tu, Sista," akasema. "Natoa mpira, napuliza na mdomo. Inatoka."

Nilitaka kumwambia kwamba hata tungefika pengine mama yule asingepona. Ni kweli, pengine asingepona. Lakini uso wake ulikuwa hautafuti faraja.

Aliniomba nimsindikize kwa Mama Dizeli, na nadhani hiyo ndiyo siku niliyoanza kumpenda. Tulimkuta Konyo Konyo ileile, safu nyingine, ameweka vitunguu na nyanya juu ya gunia. Amekonda. Fundi alipiga magoti mbele yake kabisa, kama wanawake wa kwao wanavyosalimia, mzee mzima, akamweleza yote: blanketi, manyoya, mrija. Akamwonyesha kile kidonge. Yule mama alimsikiliza huku akipanga nyanya zake.

"Ssebo," akasema mwishowe, "siku ile wewe ulikuja na watu mingi kuniita muuaji. Leo wewe amekuja na Sista tu."

Fundi akanyanyuka. Kuanzia hapo hakuwa na kazi nyingine ila kumsafishia jina yule mama. Alikwenda bandarini akawakusanya watu wa boti, akawaambia: mafuta ilikuwa safi, mimi ndiye nilikosa. Wakamshika bega. Wakamwambia malesh, pole mzee, kifo kile kimekuumiza, usijitwike. Siku ya pili aliwaambia tena, wakaanza kukonyezana. Siku za baadaye walipomwona anakuja na kile kidonge mkononi, walijitia kufunga kamba. Wote waliafikiana kwamba Fundi amechanganyikiwa kwa majuto na sasa anaokota manyoya. Mama Dizeli hakurudishiwa mteja hata mmoja. Mapema mwaka uliofuata alirudi kwao Uganda, na hatukujua siku aliyoondoka.

Lakini jambo lililomla zaidi lilikuwa blanketi. Boti zote zilikuwa bado zinalitumia. Alizunguka akiwaambia waache, au angalau kipande kikizeeka wakitupe, na kila mara walimjibu jibu lilelile. Nahodha mmoja wa boti ya abiria, aliyekulia kambi ya wakimbizi Kenya na kurudi na Kiswahili cha huko, nilimsikia mwenyewe.

"Mzee, si wewe ndiye ulitufunza? Sasa unageuka?"

"Mimi nageuka kwa sababu mimi nimeona."

"Sawa. Basi tutumie nini? Tupee kitu ingine."

Hapo ndipo Fundi aliponywea. Hakuwa na kitu kingine. Kuna machujio ya waya laini, aliyaona zamani kwenye meli za ziwani, lakini Juba nzima hakuyapata. Kuacha kuchuja kabisa ni ute na kutu. Kuchuja kwa blanketi ni manyoya. Blanketi jipya lingesaidia kwa muda, na hata hilo aliliomba, lakini nani atatupa kitambaa ambacho bado kinafaa? Aliwafundisha vizuri mno. Akaanza kuvikata vile vipande usiku na kuvitupa mtoni, wakamkamata, wakamfukuza bandarini kwa matusi, naye akarudi. Vipande vipya vilifungwa asubuhi. Mablanketi ya kijivu hayaishi Juba.

Ile boti yetu haikurudi majini. Wafadhili waliondoka, zahanati ikafungwa, kanisa likauza injini. Mimi nilipata kazi kliniki moja ya Gudele, ambako wagonjwa hufika kwa bodaboda au hawafiki. Fundi nilikuwa nikimwona kwa mbali barabarani, kisha nikawa simwoni.

Nimemwona tena juzijuzi. Nilikuwa nimeshuka bandarini kumsindikiza msichana aliyejifungua kwetu salama, mtoto wa kike, mwenye sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa anarudi kwao chini ya mto. Boti ilikuwa ya yule nahodha wa kambini, na ilijaa: magunia ya unga, magodoro, akina mama, mbuzi watatu. Kando, juu ya pipa tupu, ameketi Fundi. Ovaroli haikuwapo tena, amevaa shati la mitumba lililomzidi, na miguu yake imevimba. Nilipomwamkia alinyoosha mkono bila kuyaondoa macho kwenye boti.

Nikatazama alikokuwa akitazama. Nahodha alikuwa akimimina dizeli. Kwenye faneli kulikuwa na kipande cha kijivu kilichofuliwa mpaka unaona mwanga upande wa pili.

"Umewaambia?" nikauliza.

"Mimi nimechoka kuambia."

Sikuweza kukaa. Msichana wangu alikuwa ameshapanda, mtoto mgongoni. Nilimfuata nahodha, nikamwambia kile kitambaa ni kibovu, kinaachia manyoya, mrija wa tanki utaziba, kuna mtoto wa siku chache humu ndani. Nilimweleza kama ninavyoeleza wagonjwa, neno kwa neno. Alinisikiliza kwa heshima, akatabasamu.

"Usijali, Sista. Tunachuja kila tone. Fundi mwenyewe ndiye alitufunza."

Akampungia mkono Fundi, kwa upendo kabisa. Nikamwita msichana ashuke, asubiri gari. Akacheka, akasema barabara imejaa maji na mama yake anamngoja. Hakushuka. Boti ikatolewa, injini ikanguruma vizuri, ikashika mto kuelekea chini, na watoto wakatupungia.

Nikarudi kwenye lile pipa, nikakaa kando yake. Boti ikapita kona, tukabaki na sauti peke yake. Ikafifia. Ikawa kidogo sana, nikawa sijui kama naisikia au naikumbuka. Kisha hapakuwa na sauti.

"Imefika mbali," nikasema. "Au imezima?"

Fundi alisikiliza kwa muda, kichwa ameinamisha upande.

"Boti nakwenda chini, Sista," akasema. "Kama imezima, maji nabeba yeye vilevile. Kutoka hapa inafanana."